Vita vya Guandu: mashauri yaliyokataliwa

Wengi wanafikiri kwamba katika vita mwenye askari wengi ndiye anayeshinda. Vita vya Guandu, vilivyopiganwa katika inchi ya China mwaka 200 baada ya Kristu, vinatufundisha neno lingine.

Wakati ule ufalme wa Han ulikuwa umelegea. Mufalme Xian alibaki na jina tu, na wakubwa wa majeshi waliigawanya inchi. Wawili waliwapita wengine: Yuan Shao, upande wa kaskazini ya muto Huang He, na Cao Cao, upande wa kusini, aliyemuweka mufalme mukononi mwake. Zamani walikuwa marafiki.

Kufuatana na maandiko ya kale, Yuan Shao alishuka na askari karibu 110 000. Wa Cao Cao walikuwa wachache zaidi. Mushauri Tian Feng alimuonya Yuan Shao asiharakishe vita, bali amuchokeshe adui pole pole. Yuan Shao akakasirika, akamutia katika kifungo.

Huko Guandu Cao Cao alikaribia kuishiwa chakula, akataka kurudi nyuma. Akamwandikia mushauri wake Xun Yu, naye akamujibu avumilie. Cao Cao akamusikia. Kisha Xu You, mushauri wa Yuan Shao, akamukimbia bwana wake, akamufunulia Cao Cao kwamba chakula cha adui kiliwekwa Wuchao, na walinzi hawakuwa na uangalifu. Usiku ule Cao Cao akaenda na askari 5 000, wenye bendera za Yuan Shao na mafurushi ya kuni, wakakiteketeza.

Jemadari Zhang He alikuwa ameomba waende upesi kusaidia Wuchao. Yuan Shao akakataa, akamutuma kushambulia kambi ya Cao Cao. Kambi haikuanguka, na Zhang He akajitoa kwa adui. Jeshi lile kubwa likatawanyika. Yuan Shao akavuka muto na wapanda-farasi karibu 800.

Cao Cao aliokota barua ambazo watu wake mwenyewe walimwandikia Yuan Shao kwa siri. Akazichoma, hakumwazibu mutu. Lakini tusimusifu kupita kiasi: askari wengi waliojitoa aliwaua. Yuan Shao naye, aliporudi, alimuua Tian Feng, aliyesema kweli. Mwaka 202 akafa, na watoto wake wakagombana hata wakapoteza yote.

Ndugu wasomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mutu anayeongoza wengine, hata kundi dogo, ajiulize: yule anayenipinga katika shauri, ninamuweka wapi?