Damu ya Ziwani na Damu ya Milimani

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma biolojia ya seli na jenetiki, awe Dodoma, Makerere au Boston, lazima siku moja afike kwenye picha ya chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Mara nyingi picha hiyo huambatana na ramani mbili za Afrika, moja ya malaria na nyingine ya selimundu, na mtu akizilinganisha huona kwamba zinafuatana karibu kila mahali. Mwalimu hueleza jeni, hueleza protini, hueleza uteuzi wa asili, kisha darasa linahamia mada nyingine. Mimi naona hapo panafaa kukaa zaidi. Sehemu kubwa ya ushahidi ulio nyuma ya ramani hizo ilitoka kwenye damu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, kati ya mwaka 1949 na 1954, na wengi wetu tunaosoma habari hizo hatujui kwamba tunasoma habari za babu zetu.

Maandishi ya kitabibu kuhusu ugonjwa wenyewe yalianzia mbali. Mwishoni mwa mwaka 1904 kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno mjini Chicago, alilazwa hospitalini. Daktari mwanagenzi Ernest Irons aliiweka damu yake chini ya darubini, akaona chembe ndefu, nyembamba, zilizopinda. Mkuu wake, James Herrick, aliichapisha habari hiyo mwaka 1910. Noel alihitimu, akarudi kwao, akafanya kazi ya meno mpaka alipofariki kwa nimonia mwaka 1916.

Ilipofika mwaka 1949 mambo yalikuja kwa mfululizo. James Neel wa Marekani, na E. A. Beet aliyekuwa daktari Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Mtu aliyepata jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake bila taabu. Aliyeipata kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake huko California, hasa Harvey Itano, walipitisha umeme kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, wakaona kwamba ya mgonjwa inasafiri tofauti na ya mtu mzima wa afya, na kwamba mbebaji anazo zote mbili. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza kuonekana waziwazi kuwa umeanzia kwenye molekuli moja.

Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alimalizia hesabu hiyo mwaka 1956 na 1957. Mnyororo mmoja wa himoglobini, ule uitwao beta, una asidi amino 146. Katika selimundu zote ziko sawa isipokuwa ya 6, ambapo valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni herufi moja tu ya DNA, A ikawa T. Kwa badiliko hilo, himoglobini inapokosa oksijeni hushikana na kuwa fimbo ndefu ndani ya chembe. Fimbo hizo huisukuma chembe mpaka inapinda. Chembe iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, vidole vya mtoto vilivyovimba, na macho ya manjano.

Lakini kemia hiyo haikujibu swali lililokuwa likiwasumbua watu wa Kampala. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa Uganda. Kuna makabila ambayo wabebaji walikuwa chini ya mtu 1 katika 100. Kwa Wabaamba wa Bwamba, magharibi, walifika 45 katika 100. Enzi hizo mtoto mwenye jeni mbili kwa kawaida alikufa kabla hajawa mzazi, na kila aliyekufa aliondoka na nakala mbili za jeni. Kwa hesabu hiyo jeni ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi mpaka iishe. Neel alidhani pengine inazaliwa upya kila mara kwa mabadiliko ya bahati, lakini kasi ambayo ingehitajika ilikuwa kubwa kupita kiasi. Wengine walitafuta jibu katika asili ya makabila: nani alitoka wapi, nani alichanganya damu na nani. Serikali za kikoloni zilizoea kuwapanga watu kwa kabila, na sayansi ya wakati ule ilifuata mkumbo.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, shambani karibu na Gilgil, juu ya Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu ili kuchunguza makundi yake, akaongeza na kipimo cha selimundu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unatoboa kidole, unadondosha tone la damu kwenye slaidi, unachanganya na maji yenye metabisulfiti ya sodiamu, kemikali inayofyonza oksijeni, kisha unafunika kwa kioo chembamba ili hewa isiingie. Unasubiri. Kama himoglobini ya selimundu imo, chembe zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka pembe mbele ya macho yako. Hakihitaji umeme wala maabara kubwa, na ndiyo maana mtu mwenye darubini na gari aliweza kuwapima watu vijijini.

Allison aliona kwamba karibu na mwambao na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi 20 katika 100. Milimani na kwenye nyanda kavu walikuwa wachache sana. Jambo la maana zaidi ni kwamba tofauti hiyo haikufuata lugha wala nasaba. Wajaluo wa kando ya ziwa, ambao ni Waniloti, walikuwa na wabebaji wengi kama majirani zao Wabantu. Wakikuyu, ambao ni Wabantu, waliishi juu kwenye baridi na karibu hawakuwa nao. Kilichowaunganisha watu wa ziwani na wa mwambaoni kilikuwa mbu. Palipo na malaria ya mwaka mzima, jeni ilikuwa juu. Pasipo na malaria, ilikuwa chini. Binafsi naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika habari hii: tone la damu lilipinga mpangilio mzima wa makabila uliokuwa umeandikwa kwenye majalada ya serikali.

Haki inadai pia Beet atajwe tena. Mwaka 1946, akiwa Balovale, huko Rhodesia ya Kaskazini, alikwisha kuandika kwamba wenye selimundu aliowapima walionekana na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wengine. Wazo lilikuwepo. Lilikosa mtu wa kulifuatilia mpaka mwisho.

Allison alimaliza udaktari, akarudi mwaka 1953. Eneo la Kampala alipima watoto 290. Kati ya wabebaji 43, waliokuwa na vimelea ni 12, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasio wabebaji, walikuwa 113, karibu asilimia 46. Alichagua watoto kwa makusudi, kwa kuwa mtu mzima aliyekulia penye malaria amekwisha kujijengea kinga, na tofauti haionekani tena.

Kisha alifanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelisimamisha. Wanaume 30 wa Kijaluo, waliokwisha kukaa mbali na malaria kwa miezi 18 au zaidi, walijitolea kuambukizwa, wengine kwa kuumwa na mbu, wengine kwa kudungwa damu yenye vimelea. Nusu walikuwa wabebaji. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Kati ya wabebaji 15, walikuwa 2 tu. Walioambukizwa walitibiwa. Makala ilitoka kwenye jarida la madaktari wa Uingereza Februari 1954, na jina la Allison likaingia vitabuni. Wale 30 walibaki tarakimu katika jedwali. Naamini deni hilo halijalipwa, na kila mwalimu anayefundisha ramani zile mbili anaweza angalau kuwataja.

Wengi hawakukubali mara moja. Raper mwenyewe alikuwa na mashaka, na jaribio la Marekani la mwaka 1955 halikuona kinga hiyo. Ilichukua miongo kuthibitisha. Mwaka 1970 Lucio Luzzatto na wenzake, wakifanya kazi Ibadan, walionyesha kwamba chembe ya mbebaji iliyoingiwa na kimelea hupinda upesi kuliko chembe jirani isiyo nacho, jambo linaloweza kuufanya mwili uiondoe mapema pamoja na mgeni wake. Na mwaka 2005 uchunguzi wa muda mrefu huko Kilifi, kwenye mwambao uleule, ulitoa hesabu iliyo wazi: jeni moja ilipunguza malaria ya kawaida kwa takriban asilimia 50, kulazwa hospitalini kwa asilimia 75, na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye jeni mbili akipata malaria yuko hatarini zaidi, kwa sababu damu yake ni haba tangu mwanzo. Wazazi wawili waliopona malaria kwa sababu ya jeni moja kila mmoja, kila ujauzito wao una nafasi 1 kati ya 4 ya kumleta mtoto mgonjwa.

Kwa wagonjwa hao sayansi ilichelewa. Dawa ya haidroksiurea, inayoongeza himoglobini ya utotoni ambayo haipindi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima. Kwetu ilihofiwa kwamba huenda ikawaongezea watoto malaria na maambukizi. Hofu hiyo ilijibiwa miaka 20 baadaye, kwa watoto 606 waliopewa dawa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwaka 2018. Maumivu yalipungua, uhitaji wa kuongezewa damu ulipungua, vifo vilipungua, na malaria, ile iliyohofiwa, ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.