Utoaji wa Kemikali za Harufu katika Sampuli za Mvinyo

Utoaji wa kemikali za harufu ni hatua ya maabara inayozitenga kemikali zinazogeuka mvuke upesi kutoka kwenye sampuli, kabla mashine ya kromatografia ya gesi haijazipambanua. Kwa mvinyo wa zabibu za Chamwino, mkoani Dodoma, kama zile za Chinangali, hatua hii huamua ukweli wa majibu kuliko mashine yenyewe. Sababu ni joto. Asetaldehidi, yenye harufu ya tufaa lililopondeka, huchemka kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na mchana wa Dodoma hupita hapo kwa urahisi. Kweli, ikiwa imeyeyuka ndani ya mvinyo haitoroki yote kwa mara moja. Lakini chupa iliyojazwa nusu huiachia hewa ya kuhamia, na kizibo kikifunguliwa hasara haifidiki.

Mbinu kongwe ni ukenekaji: mvinyo huchemshwa, mvuke ukapozwa na kukusanywa. Kwa kupima kiwango cha pombe inatosha kabisa, tena ni ya gharama nafuu, wala haistahili kubezwa. Kwa harufu ni jambo jingine. Moto huivunja sukari katika asidi ya mvinyo na kuzaa furfurali, na maabara ikaripoti harufu ambayo haikuwamo chupani. Mtu aweza kudai kwamba Dodoma, iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo madhara hupungua. Hupungua, ila nyuzi nne si kinga.

Mbinu iliyo bora ni ile inayoisumbua sampuli kidogo. Mvinyo hutiwa chumvi ndani ya kichupa kilichofungwa, hupashwa joto kidogo, kisha uzi mwembamba uliopakwa polima huning'inizwa hewani juu yake kunasa harufu. Mwanakemia Janusz Pawliszyn na mwenzake walichapisha mbinu ya uzi huo mwaka 1990, nchini Kanada. Hoja nzito dhidi yake ni kwamba hunasa sehemu tu, na sehemu hiyo hubadilika kadiri pombe na sukari zinavyobadilika. Ni kweli. Ndiyo maana kila kichupa hutiwa kemikali ya rejea yenye kiasi kinachojulikana, na vipimo vya kulinganishia huandaliwa katika kimiminika chenye pombe na sukari sawa na za mvinyo unaopimwa. Yote hayo hayafai kitu ikiwa chupa haikujazwa hadi shingoni na kuwekwa kwenye barafu tangu kiwandani.