Milima Ndiyo Iliyoijenga Mbalizi

Wengi husema mji wa Mbalizi, jirani na Jiji la Mbeya, ni mtoto wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haielezi kwa nini mji ulikua hapo na si penginepo, ilhali lami hiyohiyo imepita kando ya vijiji vingi vilivyobaki vijiji. Jibu limo katika sura ya nchi. Kusini iko Umalila, milima ya baridi yenye viazi mviringo, mahindi na pareto. Kaskazini ardhi inateremka kufuata Mto Songwe kuelekea Ziwa Rukwa. Njia ya Isongole, inayopita Umalila, na ile ya Galula na Mkwajuni zote zinaanzia Mbalizi, na hapo ndipo gunia la viazi lililojazwa lumbesa hushushwa kutoka mlimani na kumkuta mnunuzi wa mjini.

Tena, bonde hili lilikuwa na uzito kabla ya lami. Merere, mtawala wa Wasangu, alipofukuzwa Usangu na Wahehe, alijenga ngome yake Utengule, katika nchi ya Wasafwa, jirani na Mbalizi ya leo, na mwaka 1895 wamisionari wa Moravian wakafungua kituo papo hapo. Waingereza ndio waliouweka utawala upande wa mashariki: mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa, kisha ukawa makao ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Mkulima wa Umalila akawa anatawaliwa kutoka mji ambao haukujengwa kwa ajili yake.

Huenda mtu akapinga kwamba mipaka ya utawala, kama ile ya Wilaya ya Mbeya ilimo Mbalizi, huwekwa na sheria, wala haitokani na viazi. Ni kweli sheria imebadilika mara nyingi. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Usangu na mpunga wake ikawa Wilaya ya Mbarali. Mwaka 2016 magharibi mwa Mkoa wa Mbeya pakamegwa Mkoa wa Songwe. Lakini tazama kilichosalia katika wilaya: Usongwe, Isangati na Tembela, tarafa za milima na mabonde zinazolizunguka Jiji la Mbeya. Na kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri za vijijini kama ya Wilaya ya Mbeya zilizidi kuutegemea ushuru wa mazao, yaani zilizidi kumtegemea mkulima.

Kwa hiyo sheria huchora mpaka, lakini ardhi ndiyo inayoulipia gharama. Halmashauri inayoishi kwa jasho la mlimani haina budi kuzihesabu barabara za Umalila, zinazogeuka utelezi kila masika, kuwa deni la kwanza kulipwa. Bila njia hizo kupitika, mazao yatakwama juu, na Mbalizi itabaki na magari yanayopita tu.