Chanjo ya watu wakubwa Bukavu: kwa nini mmoja anakubali na jirani yake anakataa

Katika muji wa Bukavu, ukitaja chanjo, wengi wanaona mara moja mama mwenye kubeba mtoto mgongoni, kadi mkononi, asubuhi kwenye kituo cha afya. Mtoto anapigwa shindano, analia, wanarudi nyumbani. Mtu mkubwa hayumo katika picha hiyo. Wamama angalau wanapewa chanjo ya tetanosi wakati wa mimba. Lakini wababa wengi, tangu walipokuwa watoto, hawajakaa tena mbele ya munganga juu ya chanjo, na kadi zao hakuna anayejua ziko wapi.

Kumbe magonjwa ya miaka hii ya nyuma yameomba watu wakubwa wachanjwe: Ebola, Covid-19, halafu mpox. Kila mara watu wa afya walisikika wakilalamika kwamba raia hawaelewi. Ni jibu la haraka. Mtu anaweza kuelewa vizuri kabisa na asiende; mwingine haelewi sana lakini anaenda juu dada yake ameenda.

Katika mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa muongozo unaotaja mambo manne yenye kuamua kama mtu atachanjwa: anavyofikiri na kusikia moyoni, watu wanaomzunguka, nia yake mwenyewe, na kama njia ya kufikia chanjo iko rahisi. Kwetu Kivu, mambo hayo yote yamekwisha kuonekana kwa macho.

Tuanze na uaminifu. Ebola ilipoingia Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, katika mwaka wa 2018, watafiti waliuliza watu wakubwa 961 wa miji hiyo miwili mwezi wa Septemba. Robo moja walisema hawaamini kama Ebola iko kweli. Wenye kuamini kwamba viongozi wa pale wanatetea faida yao walikuwa kama 32 tu kati ya 100. Na wale wasioamini viongozi ndio walikuwa nyuma katika kukubali chanjo. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, tume ya uchaguzi ikaahirisha uchaguzi Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Kwa watu waliokuwa wanauawa miaka mingi bila msaada, na sasa wanaona magari mengi yanafika juu ya ugonjwa mmoja, hesabu ilikuwa nyepesi: ni siasa. Mtu anayefikiri hivyo si mjinga. Anasoma yaliyompata.

Hata hivyo, zaidi ya watu 300.000 walichanjwa katika mlipuko ule, na ugonjwa ulipofika Mwenga, hapa Kivu ya Kusini, mwezi wa Agosti 2019, haukuenea kama ilivyoogopwa. Kitu kimoja tusisahau: mwanzoni wamama wenye mimba na wenye kunyonyesha hawakuruhusiwa kupata chanjo ile. Waliruhusiwa baadaye, katika 2019. Basi mama aliyekuwa anaitaka alirudishwa nyumbani, na kisha anahesabiwa pamoja na waliokataa.

Covid-19 ilionyesha upande mwingine: macho ya watu yanaangalia wakubwa. Tarehe 2 Machi 2021 inchi ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Kazi ilichelewa kuanza mupaka tarehe 19 Aprili, juu ya habari za damu kuganda zilizotoka Ulaya. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisema wazi kwamba alikuwa na mashaka na chanjo ile. Alichanjwa mwezi wa Septemba, na aina nyingine. Dozi karibu milioni 1,3 zilirudishwa zipewe inchi zingine kabla hazijaharibika. Mwanzo wa 2022, hata mtu mmoja kati ya 100 katika Kongo nzima hakukuwa amemaliza chanjo yake. Hapa muji, maneno ya WhatsApp yalifanya yaliyobaki: kwamba chanjo inazuia kuzaa, kwamba inaua kisha miaka miwili, kwamba ni alama 666.

Maneno kama hayo hayaingii kwa mtu aliye peke yake. Yanaingia sokoni, kanisani, kwenye parsele watu wanapochota maji. Ndiyo maana reko wa avenyi, anayejulikana kwa jina na kwa watoto wake, anaweza kushinda tangazo kubwa. Pasta akinyamaza, waumini wanaelewa ukimya wake kwa namna yao. Na katika nyumba nyingi mama hatanyoosha mkono bila kumwambia kwanza baba ya watoto, hata kama yeye ndiye anajua njia ya kituo.

Kwa mpox, haya iliongeza uzito. Aina mpya ya virusi ilionekana Kamituga, muji wa wachimba zahabu, katika 2023, na mwanzoni iliambukiza sana wanawake wanaouza mwili na wanaume waliokwenda kwao. Chanjo ilipoanza Goma tarehe 5 Oktoba 2024, walioitwa kwanza walikuwa watumishi wa afya, watu waliogusana na wagonjwa, na wanawake hao. Kwa hesabu ya dozi chache, ilikuwa sawa. Lakini katika kartie ambamo kila mtu anajua kila mtu, kusimama katika mstari ule kulikuwa kama kujieleza mbele ya majirani.

Halafu kuna saa na pesa. Chanjo ni bure, lakini mama anayeuza sambaza Nyawera au Kadutu anapata chakula cha jioni kwa mauzo ya asubuhi, saa zile zile kituo kinachanja. Akienda, analipa moto na anapoteza wateja. Akikuta foleni ndefu au dozi zimeisha, hatarudi. Na chanjo ya mpox inaomba arudi, juu dozi ya pili ni kisha siku 28. Tangu vita iingie muji Februari 2025 na uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe, siku 28 ni nyingi: mtu anaweza kuwa amehama, na dawa inayotaka baridi inategemea barabara na ziwa.

Hata hivyo kuna chanjo moja ambayo watu wakubwa wa Bukavu wanaitafuta wenyewe: ile ya homa ya manjano. Anayetaka kupanda ndege kwenda inje anajua ataombwa kadi ya manjano, basi anaamka mapema, analipa, anangoja. Ni shindano kama mengine. Mashaka ya kuzaa na ya 666 hayasikiki sana pale. Na kadi ile haitupwi: inalala pamoja na paspoti, mahali salama kuliko hati ya parsele.