Shaba, Fedha, Dhahabu: Safu Moja, Tabia Tatu

Katika jedwali la elementi, metali hizi tatu zimo safu wima moja, kundi la 11. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zilizolala karne nyingi kwenye udongo wenye chumvi ya bahari, huota kutu ya kijani. Fedha huvumilia zaidi, ila salfa huitia weusi. Dhahabu hubaki iking'aa, kwani kiini cha atomu yake hushika elektroni ya nje kwa nguvu kubwa. La kustaajabisha, kundi la 1 huenda kinyume: kutoka lithiamu hadi sodiamu na potasiamu, kadiri unavyoshuka ndivyo metali inavyozidi ukali ikigusa maji.

Tafadhali usiguse sarafu: chumvi ya jasho huchochea kutu.