Karasha na Marudio katika Uchumi wa Dhahabu ya Geita

Dhahabu ya Geita, ambayo Wajerumani waliibaini mwaka 1898 na ambayo ilichimbwa na kampuni kuanzia miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, ilivuta wachimbaji wadogo kwa wingi baada ya serikali ya Tanzania kulegeza masharti ya biashara ya madini mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika machimbo kama Nyarugusu, mawe yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yalipondwa kwa mkono, kazi iliyowapa riziki wanawake wengi.

Karasha, pipa la chuma lenye gololi nzito linalozungushwa na injini, lilifupisha kazi hiyo na kuyapa thamani mawe yenye dhahabu haba ambayo zamani yangetupwa. Lakini faida ilimfuata mwenye mashine, na wapondaji wakakosa ajira. Unga uliosagwa huoshwa juu ya ubao uliotandikwa gunia, kisha kinachonaswa huchanganywa na zebaki, hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, mara nyingi chini ya nusu, na iliyosalia hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Kwa desturi ya makarasha mengi, marudio ni mali ya mwenye karasha, naye huyauza au huyapitisha kwenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Ada ya kusaga inayoonekana nafuu huambatana, basi, na malipo mengine ambayo mchimbaji hayaoni yakipimwa, na hapo ndipo dhuluma ilipo.

Wakulima wadogo wa kahawa wa Imenti Kusini huko Meru nchini Kenya, pande za Kanyakine, walikutana na mashine kwa njia nyingine: kinu cha kumenya buni ni cha chama chao cha ushirika, na ingawa uongozi mbaya umeviumiza vyama vingi vya namna hiyo, mwanachama ana haki ya kudai hesabu ya kilichopita kinuni. Mchimbaji wa Geita hana haki hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilitenga leseni ndogo kwa Watanzania, na soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019 lilileta mizani na bei ya wazi, ila mizani hiyo hupima dhahabu iliyokwisha kupatikana. Umiliki wa marudio bado huamuliwa karashani, kabla mfuko wa kwanza haujasagwa.