Marashi ya Moshi ya Jabal al-Akhdhar

Mgeni akaribishwaye kahawa katika nyumba za Darsait, mtaa wa Maskati ulio baina ya Ruwi na Matrah, na hasa kwa jamaa waliorejea kutoka Unguja na Pemba baada ya mwaka 1970, huenda akatiliwa kikombeni matone ya maji ya waridi yenye rangi ya hudhurungi na ladha ya moshi, naye, ikiwa amezoea marashi meupe ya dukani, akadhani kuwa yameharibika. Hayakuharibika hata kidogo. Moshi ule ndio sifa yake.

Asili yake ni Jabal al-Akhdhar, katika safu ya milima ya Hajar, ambako vijiji vya al-Aqr, al-Ayn na ash-Shirayja vimeketi kwenye kimo cha mita zipatazo 2,000. Huko, tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei, mawaridi huchumwa alfajiri kabla jua halijapanda na kuyaondolea harufu. Maua hutiwa katika chungu kilichopachikwa juu ya duhjani, yaani tanuri la mawe na udongo. Ndani ya chungu huwekwa chombo kidogo cha shaba, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli la shaba lenye maji baridi, ambalo tumbo lake, likiguswa na mvuke, huurudisha chini tone kwa tone. Fundi hubadili maji ya juu kila yapatapo joto, na kuni hazikatizwi. Kwa kuwa moto huchoma chini ya maua yenyewe, marashi hutoka na moshi wake.

Yakiwa mapya huwa makali, kwa hiyo humiminwa mitungini na kuachwa majuma kadhaa hadi mashapo yazame na ukali upoe. Watu wa Islay, kisiwa cha Uskoti, nao hukausha shayiri yao kwa moshi, kisha huilaza pombe yake iliyokenekwa ndani ya mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3 kwa amri ya sheria. Kinywaji kile kwetu ni haramu, lakini elimu ya kukeneka ni ya kale katika Uislamu, na al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu juu ya kemia ya manukato katika karne ya 9. Tofauti ni kwamba pipa la mwaloni huongeza rangi na ladha, ilhali mtungi wa udongo huyatuliza tu marashi ambayo moto umekwisha kuyapa vyote viwili.

Siku hizi mitambo ya chuma na gesi hutoa marashi meupe yasiyo na moshi. Siwalaumu waitumiao, maana kazi ya duhjani ni ya kuchosha mno. Meupe yanafaa kutiwa katika mrashi na kunyunyiziwa watu kwenye maulidi na harusi, lakini halua na kahawa, kwa rai yangu, zinataka yale ya moshi. Basi, msomaji, ukifika kununua, muulize muuzaji kama yamekenekwa kwa kuni, na kama yamepumzishwa mtungini.